Picha ya ukoo mzima: f/8, taa mbili na filimbi ya Lord Lichfield

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpiga picha wa harusi, nipo Morogoro, huu ni mwaka wangu wa tatu kwenye kazi. Jumamosi iliyopita nilipiga picha ya ukoo ukumbini, watu 38, safu nne. Nilitumia lenzi ya milimita 24-70 nikiwa nimeivuta mpaka 70, f/2.8, ISO 400, flashi moja yenye mwavuli upande wa kushoto, kama mita tatu kutoka safu ya mbele. Mimi nilisimama mita nane, fokasi nikaiweka kwenye jicho la bibi harusi. Safu ya nyuma imetoka na ukungu na giza, watu watano wamefumba macho, na karibu nusu wanaangalia simu za ndugu waliokuwa pembeni yangu. Nilipata picha sita tu, MC akawaita watu wakale. Rafiki yangu akanionyesha picha za harusi ya Charles na Diana alizopiga Lord Lichfield, watu kibao na kila mtu anaonekana. Akasema yule aliweza kwa sababu alikuwa ndugu yao na alikuwa na vifaa vya ikulu. Ni kweli? Na mimi ninunue nini?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umeandika vipimo vyote, umbali, tundu la lenzi (hiyo f/2.8), taa ilipokaa, na hilo limenirahisishia kazi. Hela yako iache mfukoni kwanza. Kosa lako moja ni la lenzi, la pili ni la taa. La tatu, ambalo ndilo kubwa, haliuzwi Kariakoo, na ndilo linalonifanya nianze na huyo Lichfield.

Rafiki yako yuko sahihi kwenye undugu. Patrick Lichfield alizaliwa 1939, akawa Earl (cheo cha kimwinyi cha Uingereza) wa tano wa Lichfield babu yake alipofariki mwaka 1960. Mama yake na Malkia Elizabeth II walikuwa mtoto wa kaka na mtoto wa dada, kwa hiyo kwa hesabu ya ukoo wetu Malkia ni mama yake mdogo. Alisoma shule ya Harrow, akapita chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akawa ofisa kwenye kikosi cha Grenadier Guards. Ukisoma mpaka hapo unaona mwinyi aliyezaliwa na kila kitu. Lakini kumbuka kwamba jumba la ukoo wao, Shugborough kule Staffordshire, lilikwenda mikononi mwa National Trust, taasisi inayotunza majumba ya kihistoria, mwaka 1966 kwa sababu ya kodi ya urithi, yeye akabaki na sehemu tu ya kuishi humo. Cheo kilikuwepo, na kazi ilibidi ifanywe. Alipotoka jeshini alianzia chini, msaidizi wa wapiga picha wengine, kama wewe ulivyoanza kwa kumshikia mtu taa.

Sasa twende Julai 29, 1981. Watu wanatoka Kanisa la Mtakatifu Paulo, wanafika Kasri la Buckingham. Humo ndani kuna familia mbili, kuna wafalme na malkia wa nchi nyingine za Ulaya, kuna watoto wasimamizi waliochoka, na gauni lenye mkia wa zaidi ya mita saba ambalo halitakiwi kukanyagwa. Nje umati umejaa unasubiri maharusi watokee kwenye roshani. Wote waliomo chumbani wamezoea kutoa amri, na hakuna aliyezoea kuambiwa sogea kulia kidogo. Lichfield alitoa filimbi, ile ya refa, akaipuliza.

Nataka uiweke hiyo picha kichwani. Mtu ambaye Malkia ni mama yake mdogo, akiwa tayari ameshawapiga hawa hawa picha ya kundi Windsor, Desemba 26, 1971, anajua kwamba undugu hautawanyamazisha. Anaingia na filimbi mfukoni. Maana yake alikaa chini siku kadhaa kabla akajiuliza: nikiwa na watu wengi, kelele nyingi na dakika chache, nitapataje sekunde tano za macho yote? Na enzi hizo ni filamu, hakuna kioo nyuma ya kamera cha kukagua nani kafumba. Kinachoonekana kama bahati ya mwinyi kilikuwa maandalizi. Undugu ulimfungulia mlango. Macho aliyapata kwa filimbi.

Kwa hiyo kosa lako kubwa ni kwamba uliingia kwenye picha ya watu 38 bila kuwa na sauti. Nitalirudia, ila kwanza tumalize lenzi na taa.

Kwa lenzi ya 70 kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya 35mm), f/2.8, ukifokasi kwenye mita nane, sehemu inayotoka kali inaanzia kama mita saba na kuishia kama mita tisa na robo. Bibi harusi wako alikuwa safu ya kwanza. Safu nne, kila moja sentimita 80 nyuma ya nyingine, zinaiweka ile ya mwisho karibu mita kumi na nusu. Imeshatoka nje ya ukali, na hakuna lenzi ya bei yoyote itakayoirudisha. Funga tundu mpaka f/8 (namba ikipanda, tundu linapungua): kwa umbali uleule ukali unaanza mita tano na robo tatu hadi mita kumi na tatu. Ukoo wote umeingia, na ziada juu. Halafu fokasi usiiweke safu ya kwanza. Ipeleke safu ya pili, ili upate akiba mbele na nyuma. Najua mkono unavutwa kwenda kwa bibi harusi kwa sababu ndiye aliyekulipa. Kwa f/8 atatoka mkali hata ukifokasi kwa shangazi aliyesimama nyuma yake.

Taa ndiyo inayowaumiza wengi. Nguvu ya mwanga hushuka kwa mraba wa umbali. Mwavuli wako ulikuwa mita tatu kutoka safu ya mbele, kwa hiyo ulikuwa kama mita tano na nusu kutoka safu ya nyuma. Gawanya 5.5 kwa 3, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata 3.4 hivi. Yaani wa nyuma walipata chini ya theluthi moja ya mwanga wa walio mbele. Ndiyo giza lako hilo. Na kwa kuwa taa ilikuwa kushoto na chini, vichwa vya safu ya pili viliweka vivuli kwenye nyuso za safu ya tatu. Ziangalie vizuri picha zako utaviona, hasa nyuma ya mama mwenye kilemba kikubwa.

Dawa yake inaonekana kinyume lakini ndiyo hiyo: rudisha taa nyuma. Iweke mita saba. Sasa safu ya mwisho iko mita tisa na nusu, na tofauti inashuka hadi mara 1.8. Hiyo jicho linaivumilia, na ukiipandisha taa juu kidogo na kuielekeza safu ya tatu badala ya ya kwanza, tofauti inazidi kupungua. Tumia mbili, kulia na kushoto, karibu na mstari wako wa kamera, juu kuliko kichwa cha mtu mrefu kuliko wote. Flashi ya pili azima. Vijana wa kazi hii huazimana.

Gharama yake ni kwamba taa iliyorudi kutoka mita tatu hadi saba inahitaji nguvu zaidi ya mara tano, na kutoka f/2.8 hadi f/8 unahitaji mara nane nyingine. Flashi mbili ndogo hazifiki huko zenyewe. Hapo ndipo ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, inapokuja: panda hadi 1600, na kama ukumbi una dari jeupe, toa miavuli kabisa urushe taa zote mbili darini. Ikibidi 3200, nenda. Chengachenga kidogo za ISO hakuna mama mkwe atakayezilalamikia, lakini uso wa mdogo wake uliozama gizani atakukumbusha mpaka ubatizo wa mtoto. Shata ya sekunde 1/125 inatosha.

Macho yaliyofumba yana hesabu yake pia. Mwaka 2006 Piers Barnes na Nic Svenson wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, walipewa Ig Nobel, tuzo ya utani kwa utafiti wa kuchekesha, kwa kukokotoa upige picha ngapi ili upate moja ambayo hakuna aliyefumba. Kwa kundi la chini ya watu 20, gawanya idadi kwa tatu kama mwanga ni mzuri, kwa mbili kama ni hafifu. Watu 12, picha nne. Lakini hesabu haipandi kwa mstari ulionyooka. Watu 30 kwenye mwanga hafifu wanataka karibu picha 30, na ukifika kama 50 tumaini la kupata picha moja safi linakwisha hata kwenye mwanga mzuri. Wewe ulikuwa na 38 ukapiga sita. Watu watano kufumba ni jambo la kutarajiwa kabisa, halina uhusiano na uwezo wako. Kwa kundi kama hilo weka kamera kwenye stendi, piga angalau 20 bila kuisogeza hata kidogo, kisha nyumbani chukua macho ya mmoja kutoka picha nyingine uyapandikize.

Sasa sauti.

Mimi sipulizi filimbi. Ukumbini kwetu, mbele ya wazee, filimbi ingeonekana dharau, na muziki ungeimeza. Ninachofanya ni kumtafuta mtu mwenye sauti ndani ya ukoo wenyewe, saa moja kabla. Mara nyingi ni shangazi. Huwa yuko karibu na meza ya bibi harusi, kanga kiunoni, anapanga nani akae wapi. Namwamkia, namwambia: "Shangazi, naomba dakika kumi za ukoo wako, mimi sijui nani ni nani." Namwonyesha utepe niliobandika sakafuni, mistari minne, na viti saba vya wazee. Kuanzia hapo picha si yangu tena, ni yake. Yeye ndiye anayewaita, yeye ndiye anayejua kwamba baba mkubwa wa Mahenge hawezi kusimama muda mrefu, na yeye ndiye anayewaambia wenye simu wakae nyuma ya mgongo wangu, si pembeni. Nikiinua mkono, anasema neno moja na watu 40 wananigeukia. MC naye namwona mapema, tunakubaliana kwamba chakula hakitajwi mpaka nimpe ishara.

Nilijifunza kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita nilipiga picha ya familia kubwa, nikawa napaza sauti mwenyewe, nikamwambia mzee mmoja asogee bila kujua kwamba ndiye kaka mkubwa wa marehemu baba wa bwana harusi. Alisogea kweli, akasogea mpaka akatoka nje ya picha, akaenda kukaa. Picha ilikuwa kali, mwanga mzuri, na haikuwa na mtu aliyestahili kukaa katikati. Familia haikuichapisha. Mpaka leo nikipanga viti vya wazee namkumbuka yule baba.

Jambo jingine la kujifunza kwa Lichfield ni la baada ya picha ya kundi. Machi 1972 alikuwa kwenye meli ya kifalme Britannia ilipokuwa inavuka ikweta. Mabaharia wana desturi ya kuwatosa majini wanaovuka mara ya kwanza, naye akatoswa. Ila aliingia majini na kamera isiyoingia maji, akampiga picha Malkia akiwa anacheka kwa furaha ya kumwona anatoswa. Na siku ile ya 1981, mojawapo ya picha zake zinazopendwa zaidi haina mpangilio kabisa: bibi harusi ameinama, gauni limetanda, anambembeleza msimamizi mdogo kuliko wote, mtoto wa miaka mitano. Picha kama hiyo huja watu wanapodhani umemaliza. Ukishasema "asanteni", kamera ibaki mkononi dakika moja zaidi, ivute lenzi mpaka 70, fungua tundu tena hadi f/2.8, na hapo sasa fokasi kwenye jicho la bibi harusi kama ulivyozoea.

Kuhusu zile sita za Jumamosi, usizifute. Kama hukusogea sana, tafuta macho yaliyo wazi katika nyingine uyahamishie kwenye ile bora, na safu ya nyuma uipandishe mwanga taratibu. Ukungu hautatoka, hilo waambie ukweli. Kisha mwombe bibi harusi namba ya yule shangazi yao. Siku ya kuwapelekea albamu ukoo utakuwa umekusanyika tena, na ua wa nyumbani saa kumi na moja jioni una mwanga mzuri kuliko ukumbi wowote. Nenda na utepe, stendi, na viti vya wazee uvipange kabla hawajatoka ndani.