Kwa wadogo zangu mnaoingia kazi za kujitolea za kartie, yaani za mtaa, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo

Kila mwaka shule zikifunga, tunapata wapya. Wengine wametoka tu kupata diploma ya serikali, wengine bado wako chuo, wote wana moto, na swali lao la kwanza ni lile lile: vijana wenzetu tuwahamasishe vipi? Jibu langu huwa haliwafurahishi. Acheni kuhamasisha kwanza. Tafuteni mfereji mmoja.

Kijana wa Kadutu, komini yetu yenye watu wengi na miteremko, ameshahamasishwa vya kutosha. Semina anazijua, banderoli, kile kitambaa cha matangazo, anaijua, na anajua kwamba mwishoni kuna soda na pesa ya transpo, yaani nauli. Transpo ikikosekana, mara ya pili hamumwoni. Msimwite mlafi, ndivyo alivyozoezwa. Lakini mkute Jumamosi asubuhi watu wanane wameshika majembe mbele ya nyumba ya mama yake, mfereji unafunguka na maji meusi yanaanza kutembea. Atasimama aangalie, kisha atauliza kama kuna beleshi la ziada. Hakikisheni lipo.

Mfereji wenyewe una akili yake. Wapya hupenda kuanza juu, kwa sababu juu kunaonekana na watu wengi hupita. Anzeni chini, pale unapomwagikia, la sivyo uchafu wote mtausukuma kwenye mdomo ulioziba na maji yatamwingilia jirani wa mwisho. Halafu kuna tope. Nimeona vikundi vingi vikilitoa vizuri kabisa, vikalirundika ukingoni, vikapiga picha, vikaenda nyumbani. Mvua ya usiku mmoja inalirudisha lote ndani pamoja na chupa na visashe vyake, vile vifuko vya plastiki. Kabla hamjashika jembe, mjue tope litaenda wapi na nani ana toroli. Kama jibu hamna, ahirisheni. Na kazi kubwa ifanyeni Julai na Agosti, udongo ukiwa mkavu. Septemba mvua zinarudi, na kwenye miteremko yetu haziombi hodi.

Mkizungumza na watu, neno "mazingira" liwekeni pembeni, linanuka semina. Zungumzeni umeme. Kisashe kinachotupwa Kadutu kinashuka na mfereji hadi mto Kawa, Kawa inakipeleka Ziwa Kivu, na ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi. Hapo chini kidogo ndipo kuna bwawa la Ruzizi ya kwanza, lililojengwa miaka ya mwisho ya ukoloni na linaloipa Bukavu umeme hadi leo. Takataka zinaziba njia ya maji, wafanyakazi wa SNEL, shirika la umeme la taifa, wanalazimika kuzitoa, na sisi tunalala gizani tukilaumu delestaji, yaani mgao wa umeme. Fundi wa kuchomelea vyuma atawasikiliza, mama mwenye saluni pia. Amri ya serikali ya Desemba 2017 ilikataza mifuko ya plastiki, lakini nendeni soko la Kadutu mwone nyanya zinafungwa ndani ya nini. Amri peke yake haifungi nyanya. Mama wa soko anahitaji kitu kingine cha bei ile ile, na hapo ndipo kijana mwenye akili ya biashara angeweza kutafuta kazi yake.

Kuhusu salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, muwe na adabu na wazee. Wao waliifanya wakati wa Mobutu kwa amri, na kuna anayelisikia jina hilo akakunja uso. Msisimame njiani kuwazuia wapita njia na kuwalazimisha kufagia. Anayetaka atakuja.

Shefu wa avenue, yaani kiongozi wa barabara yenu, apewe taarifa mapema, na shefu wa kartie pia, kwa barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Siku hizi kukusanya watu bila taarifa ni kujitafutia matatizo.

Najua wengine mtasema kuufungua mfereji ni kuisaidia serikali ilale. Hoja hiyo naiheshimu. Ndugu zetu wa LUCHA, lile vuguvugu la vijana, walipoanza Goma mwaka 2012 walidai, bila silaha, mambo kama maji na kazi, na kudai ni kazi pia. Ila anayekwenda ofisi ya komini kudai gari la taka akiwa na daftari lenye tarehe, majina ya avenue na idadi ya matoroli yaliyotolewa, ni vigumu kumfukuza mlangoni.

Mabinti hawaji? Angalieni saa. Saa moja asubuhi ndiyo saa ya kuchota maji kwa bidoni na kufua. Sogezeni hadi saa tatu muone. Na wakija wasipewe kazi ya kuwaletea wavulana maji ya kunywa.

Pesa ziwe kama za likelemba, ule mchango wa kupokezana: kila mtu anajua nani ametoa na nani anashika. Mwenye kushika pesa asiandike, mwenye kuandika asishike, na daftari lisomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi, hata kama ni franka elfu mbili tu. Ugomvi wa vikundi vyetu mara nyingi unaanzia kwenye hizo elfu mbili.

Uchaguzi ukikaribia, mgombea atakuja na fulana zenye uso wake. Mpokeeni vizuri, mumpe kiti, mumfungulie daftari. Fulana tunazo, mheshimiwa. Toroli letu ndilo limevunjika gurudumu.