AC haibadilishi hewa: namna ya kukipa pumzi chumba cha sinema nyumbani

Chumba cha sinema nyumbani mara nyingi ni chumba cha kulala kilichogeuzwa. Dirisha la aluminiamu limezibwa kwa ubao na pazia zito ili mwanga usipenye, matundu ya juu yamezibwa, na chini ya mlango pamebandikwa mpira ili sauti isitoke. Kisha inafungwa AC ya ukutani. Filamu ikifika katikati watu wanapiga miayo, vichwa vinawauma, na harufu ya bisi imeganda kwenye viti. AC inashushwa hadi nyuzi 18, watu wanajifunika khanga, na hewa bado ni nzito.

AC ya namna hiyo huvuta hewa ileile ya chumbani, huipoza na kuirudisha. Mabomba yanayotoka nje hupitisha gesi ya kupozea na maji, basi. Mtu aliyekaa ametulia hutoa takriban lita 18 za hewa ukaa kwa saa. Chukua chumba cha mita 4 kwa 5 chenye dari ya mita 2.8, yaani mita za ujazo 56. Wafungie humo watu 6, hewa ukaa itapanda kwa karibu sehemu 1,900 kwa milioni kila saa, juu ya zile 420 na ushee zilizoko nje. Filamu ya saa 2 inaisha ukiwa umevuka 4,000.

Kinachohitajika ni lita 10 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mtu. Kwa watu 6 ni mita za ujazo 216 kwa saa, na hapo hewa ukaa hutulia kwenye 900 na kidogo.

Kosa kubwa ni kufunga feni ya chooni yenye bomba la inchi 4. Kupitisha kiasi hicho cha hewa kwenye inchi 4, hewa hukimbia karibu mita 7 kwa sekunde na bomba hupiga mluzi. Kwenye inchi 6 ni mita 3 na ushee, na mvumo utausikia pale waigizaji wanaponong'ona. Kwenye inchi 8 hushuka chini ya mita 2, na hapo ndipo panapotakiwa. Bomba la PVC la maji taka linafaa kabisa. Bomba la kutoa hewa lilaze likiinamia nje kidogo ili maji ya mvua yasirudi ndani.

Feni isikae chumbani. Nunua ile inayoungwa katikati ya bomba, uiweke mwisho kabisa, karibu na ukuta wa nje, uitundike kwa mikanda ya mpira. Ukiikaza kwa skrubu kwenye mbao za dari, jipsamu yote inageuka ngoma. Namba ya kiasi cha hewa iliyoandikwa kwenye boksi imepimwa feni ikiwa haina bomba wala kona. Kwa hiyo nunua ya mita za ujazo 400 kwa saa yenye spidi tatu, uiendeshe taratibu. Rigulata ya pangaboi tusingeishauri, kwani mota nyingi huvuma zikilishwa nayo.

Kati ya chumba na feni weka sanduku la kumeza sauti. Tumia plaiwudi ya mm 18, urefu sm 120, upana na kimo sm 40. Ndani yake panga vibao viwili vya kukingama, kimoja kutoka kila upande, ili hewa ipinde kama herufi S. Kuta zitandikwe pamba ya mawe (rockwool) ya sm 5 iliyofunikwa kitambaa, na kila inapopita hewa pabaki angalau sm 26 kwa 13, pasije pakabana kuliko bomba lenyewe. Ukichungulia upande mmoja ukaona mwanga upande wa pili, sauti nayo itapita. Sponji la godoro usitumie: hushika moto upesi na moshi wake ni sumu.

Feni ya kutoa hewa bila tundu la kuingizia haifanyi kazi. Itajitahidi bure huku mlango ukilia. Tundu la kuingizia, nalo la inchi 8 na lenye sanduku lake, liwe chini upande wa mbele, pembeni ya skrini ili kitambaa kisitikisike. La kutolea liwe juu upande wa nyuma, karibu na projekta. Yakikaribiana, hewa hupita njia ya mkato na waliokaa katikati hawapati kitu.

Tundu la kuingizia lisielekee jiko wala jenereta. Kaboni monoksaidi ya jenereta haina harufu na inaua. Kama jenereta halina pengine pa kukaa, usitoboe tundu upande huo.

Pwani kuna mzigo mwingine. Usiku wa Dar au Mombasa, zile mita za ujazo 216 huingia kila saa na unyevu wa karibu lita 2 za maji zaidi ya ule ambao AC inataka ubaki chumbani. Wakiwa wawili tu, punguza spidi; chumba kikiwa kitupu, zima feni, la sivyo kuvu huota nyuma ya vitambaa vya ukutani.

Kabati la amplifaya (mashine ya kukuza sauti) nalo likatwe mgongo, au litobolewe chini na juu, ili joto lake litoke.

Ukimaliza, funga mlango, washa feni, kisha weka udi kwenye tundu la kuingizia. Moshi unatakiwa uingie na upite juu ya viti kabla ya kufika nyuma. Moshi ukibaki umesimama palepale, kagua kwanza wavu wa mbu wa nje, maana vumbi huuziba, na unahitaji kupigwa brashi kila mwezi.