Tairi kubwa hutulia gereji, likalia njiani

Mwaka wangu wa pili gereji, pale Unga Limited, Arusha, nilifunga matairi ya 285/75R16 kwenye Prado 90 ya mzee mmoja anayepeleka wageni Ziwa Natron. Gari lilikuja na 265/70R16. Nilikata stelingi kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, kimya. Nikalizungusha uani mara mbili, kimya. Nikapokea hela yangu nikaenda kulala. Kesho yake saa tano asubuhi akanipigia, ameshaipita Engaruka: "Fundi, tairi inakula kitu huku mbele. Kila korongo inalia." Alikuwa na wageni watano, mahema, maji, na madumu mawili ya dizeli. Mimi nililijaribu gari tupu, juu ya zege.

Aliporudi nililivua tairi la kushoto nikachutama na tochi. Plastiki ya ndani ya fenda ilikuwa imepasuka na nusu yake haipo. Nyuma yake, pale bodi inapokaa juu ya chesisi, rangi imeliwa na chuma kinang'aa kama sarafu mpya. Chini yake umejikusanya unga mweusi wa mpira, kama mabaki ya kifutio cha mwanafunzi. Bega la tairi lilishakatwa. Tairi jipya!

Wadogo zangu mnaoanza kazi hii, shikeni hapo. Tairi la mbele hugusa mambo matatu yakikutana: gari limeshiba mzigo, stelingi imekatwa, na gurudumu limepandishwa juu na korongo au jiwe. Gereji mnajaribu moja kati ya hayo matatu, halafu mnamwambia mteja "iko poa bosi".

Anzeni na hesabu kabla ya spana. Kwenye 265/70R16, 265 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia ya upana huo inayokuwa kimo cha ubavu, na 16 ni rimu kwa inchi. Ubavu ni 185.5, mara mbili ni 371, jumlisha rimu, milimita 406.4, unapata kama 777. Fanya hivyohivyo kwa 285/75R16 utapata 834. Tofauti ni milimita 57, lakini kinachokwenda juu, mbele na nyuma ni nusu yake, 28 hivi. Upana umeongezeka 20, yaani 10 kila upande kama ofseti ya rimu (jinsi inavyokaa ndani au nje) haijabadilika. Milimita 28 hazifiki vidole viwili, na zilitosha kuniaibisha. Spidomita nayo inadanganya: inasoma 50, kumbe unakwenda karibu 54. Serengeti mwisho ni 50, na trafiki wenye tochi hawasikilizi hesabu zako.

Sasa, neno ambalo kila mteja atakuja nalo: "Ninyanyulie gari, nipate nafasi." Kunyanyua peke yake hakuponyi. Spring ndefu zinainua gari likiwa limesimama, ila likiingia shimo zito na mzigo juu yake, mkono wa chini, chuma kinachoshika gurudumu, unapanda mpaka kwenye stopa, ile raba inayouzuia usigonge chesisi. Kama stopa ni ileile, tairi linafika palepale lilipokuwa linafika zamani, limechelewa tu. Na kuna jambo ambalo mimi binafsi lilinichukua miaka kulielewa. Kwenye magari kama Prado 90, ukinyanyua mbele bila kurekebisha kasta, yaani pembe ya mhimili wa stelingi kulala nyuma, kasta inapungua, na gurudumu linasogea kidogo kurudi nyuma, kuelekea kulekule kunakogusa. Unaweza kumlipisha mtu spring na shokapu, ukamwongezea ugonjwa. Kwa hiyo baada ya kunyanyua, alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, si hiari. Mikono ya chini ya Prado hiyo ina boliti zenye kamu: ukizizungusha, mkono unasogea. Fundi alaimenti anayejua kazi atakuvutia gurudumu mbele milimita kadhaa, na mara nyingi hizo ndizo ulizokuwa unazitafuta.

Kabla ya kutibu, jueni linagusa wapi. Nina chaki ya fundi cherehani mfukoni. Napaka mabega ya tairi ndani na nje, nalijaza gari mzigo (mifuko ya mchanga, au vijana wa gereji wanaozubaa), halafu napandisha gurudumu moja la mbele kwenye tuta huku nimekata stelingi. Mbele, halafu rivasi. Rivasi wengi wanaisahau, na ndiyo inayofichua. Kisha upande wa pili. Chaki ikihamia kwenye plastiki, hiyo inakatwa au inavutwa na skrubu, nusu saa. Ikihamia kwenye ukingo wa bati ndani ya fenda, unalazwa kwa nyundo, unapakwa rangi usipate kutu. Ikihamia kwenye kikalio cha bodi, tulieni. Wapo wanaoingia na grainda, wanakata, wanapuliza rangi nyeusi, basi. Pale panabeba bodi. Ukikata, chomelea bati la kufunika ulipokata, na kama huna mchomeleaji unayemwamini, usikate.

Jaribio kamili zaidi ni kuitoa spring, kupandisha mkono kwa jeki mpaka kwenye stopa, kisha kukata stelingi taratibu ukitazama na tochi. Hapo angalieni pia mpira wa breki na waya wa ABS. Ni kazi ya nusu siku na mteja hapendi kuilipia. Mimi siku hizi naifanya bila kumwuliza.

Land Cruiser za utalii ni habari nyingine. Zile zilizokuja na 7.50R16 (hapo 7.50 ni upana kwa inchi) tayari zina tairi refu na jembamba. Ukizivalisha 285 unaongeza upana kuliko urefu, na ile rimu nyembamba ya inchi 5.5 au 6 haifai tena. 285/75R16 inataka rimu ya kuanzia inchi 7.5. Hapo tairi linakwaruza mkono wa ekseli kwa ndani, stelingi ikiwa mwisho. Dawa ipo kwenye boliti ya kuzuia kona, nyuma ya nako, kile chuma kinachogeuka na gurudumu: legeza nati, itoe kidogo, kaza. Ila mwambie dereva gari litahitaji nafasi zaidi kugeuka, asije akalijua hilo kwenye barabara nyembamba, wageni wanapiga kelele.

Spesa, vile vyuma vya kusogeza gurudumu nje? Zinasaidia tairi likigusa kwa ndani tu. Likigusa kikalio cha bodi au bampa, spesa inaongeza tatizo, kwa sababu tairi likisogea nje linachora duara kubwa zaidi ukikata kona. Tena inaongezea bearing mzigo. Mimi sifungi.

Na spea iwe saizi ileile. Prado 90 inavuta magurudumu yote manne muda wote. Tairi moja dogo kwa safari ndefu linaipika difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma.

Yule mzee nilimrudishia hela ya ufundi na kumlipia tairi lililokatwa. Tukahamia 265/75R16, milimita 804, yaani 13 tu zaidi juu, mbele na nyuma, na alaimenti. Alipokuwa anakwenda Natron tena nilimwambia asilioshe gari mpaka nilione, maana vumbi la kule linakaa ndani ya fenda kama unga, tairi likigusa linaacha mstari. Akarudi gari linang'aa. "Nimepita Mto wa Mbu wakaliosha, fundi. Nilete gari chafu kwako, si heshima."