Historia ya vita inamsaidia nini kamanda? Jibu kwa luteni aliyeuliza

Ndugu luteni, umeuliza kama kuna faida yoyote kamanda wa platuni, kikosi cha askari kama thelathini, kukesha akisoma vita vya miaka 100 au 150 iliyopita, wakati siku hizi droni inakuonesha adui akifunga kamba za viatu. Nimetumikia askari wa miguu miaka mingi, nikamalizia kazi nikiwa mkufunzi wa maafisa kadeti. Nakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Nikiwa luteni usu, nyota moja begani, tulikwenda kwenye luteka, yaani mazoezi ya vita. Nilikaa juu ya mwinuko, bonde lote liko chini yangu kama kiganja. Nikampa amri kwa redio koplo wa seksheni ya pili, kundi dogo ndani ya platuni yangu: "Songa mpaka mti mkubwa, kushoto kwako." Kwa macho yangu mti ulikuwa mmoja tu, haukosewi. Koplo akajibu amepokea, akaondoka na vijana wake, akaenda kwenye mti mwingine kabisa, mbele ya bombomu, bunduki ya rashasha, la wenzetu waliocheza adui. Waamuzi wakatangaza kwamba seksheni nzima imekufa. Nilimfokea yule koplo mbele ya watu, na mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Jioni sajini wangu wa platuni, mtu aliyenizidi miaka mingi kazini, akaniambia, "Afande, twende kidogo." Akanishusha bondeni mpaka pale koplo alipopiga goti akipokea amri yangu. Akasema, "Sasa nioneshe huo mti." Sikuuona. Palikuwa na tuta la ardhi, kimo cha mtu na nusu hivi, limeuficha wote. Iliyoonekana ni miti mingine mitatu, yote mikubwa.

Miaka ikapita ndipo nikasoma Balaclava kwa utulivu. Ni tarehe 25 Oktoba 1854, katika Vita vya Crimea. Lord Raglan, kamanda wa Waingereza, yuko juu kilimani. Anaona Warusi wanajiandaa kuburuta mizinga waliyoiteka kwenye vilima vya kando ya bonde. Anatoa amri iandikwe: wapanda farasi wasonge haraka, wamzuie adui asiondoke na mizinga. Kapteni Nolan anateremka mbio na karatasi. Lord Lucan, mkuu wa wapanda farasi, yuko chini, na kutoka pale alipo mizinga inayosemwa haionekani. Anauliza, mizinga ipi? Nolan, kwa hasira, ananyoosha mkono kuelekea bondeni, na mwisho wa bonde lile kulikuwa na mizinga mingine kabisa, ya Warusi wenyewe. Wapanda farasi kama 670 wakaingia katikati ya moto wa pande tatu. Zaidi ya 100 walikufa, Nolan akiwa miongoni mwa wa kwanza. Nilipofika hapo nikakiweka kitabu chini. Ule ulikuwa mti wangu.

Sasa rudi kwenye droni yako. Raglan hakukosa kuona. Aliona vizuri mno, akasahau kwamba anayepokea amri hayuko kilimani. Droni inakupandisha kwenye kilima kile kile cha Raglan kila siku, na kadiri picha inavyokuwa safi ndivyo unavyozidi kuamini kwamba koplo wako naye anaiona. Ndiyo maana nakuambia, kwa moyo wote, kwamba historia hii imekuwa na faida zaidi leo kuliko nilipokuwa kijana.

Lakini inategemea unavyoisoma. Wengi wanasoma kwa kutafuta mbinu: nani alizunguka ubavu, nani alivizia. Mbinu zinazeeka. Mimi nauliza maswali matatu tu: kamanda huyu alijua nini, saa ngapi, na alikuwa amesimama wapi? Chukua Isandlwana, Afrika Kusini, tarehe 22 Januari 1879. Lord Chelmsford, kamanda wa Waingereza, ametoka kambini alfajiri na karibu nusu ya jeshi lake kuwatafuta Wazulu. Habari zinamfikia kwamba adui anaikaribia kambi. Ofisa mmoja anapanda mti na darubini, anaona hema bado zimesimama. Basi wakatulia. Hema kusimama hakukuwa ushahidi wa chochote, na siku hiyo zaidi ya watu 1,300 waliuawa kambini pale. Kila nilipopokea ripoti ya "hali shwari" nilijiuliza: huyu ameona hali, au ameona hema?

Darasani nilikuwa nafanya hivi. Nawapa kadeti yale tu aliyokuwa nayo Meja Jenerali Aitken, kamanda wa Waingereza waliokuja kuiteka Tanga kutoka kwa Wajerumani, mwanzoni mwa Novemba 1914: askari kama 8,000, wengi wamekaa melini wiki nyingi, na imani kwamba askari weusi wa Wajerumani hawatapigana kwa nguvu. Siwaambii mwisho. Nawaambia waandike amri. Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hilo, karibu wote waliandika amri ile ile ya Aitken: teremka, songa mjini, hakuna haja ya upelelezi. Vijana wazuri, wenye akili, na kosa lile lile. Ndipo nikawapa upande wa pili. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ana watu kama 1,000, wengine bado wanaletwa na treni kutoka Moshi. Usiku wa kuamkia tarehe 4 anapanda baiskeli, anaingia mjini mwenyewe, anafika bandarini, anaziangalia meli zilizowashwa taa na kusikiliza kelele za watu wanaoteremka. Asubuhi alijua mapigano yangekuwa wapi, kwa sababu alikwenda kutazama. Watu hupenda kusimulia nyuki wa Tanga, ila nyuki waliuma pande zote mbili. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wanarudi melini, wameacha bunduki na risasi nyingi sana ufukweni.

Darasa lilikaa kimya. Kadeti mmoja akaomba karatasi yake airudie. Nilimkatalia. Nilitaka akae nayo.

Na usimfanye Lettow shujaa asiyekosea. Karibu wanajeshi wote wanaomsifu huishia Tanga na kuiruka Jassini, ngome iliyoshikwa na Waingereza kaskazini ya Tanga, Januari 1915, na kwangu Jassini ndiyo yenye somo kubwa. Alishinda, kikosi kilichokuwa pale kikasalimu amri. Kisha akakaa akapiga hesabu: risasi kama 200,000 zimekwisha, maafisa wake wengi wamekufa, na hana uhakika wa meli ya kumletea wengine. Akaona kwamba akishinda hivyo mara chache tu tena, hatakuwa na jeshi. Akabadili vita vyake vyote, akaacha mapambano makubwa, akaanza kushambulia reli na doria. Kukubali kwamba ushindi wako mwenyewe ulikuwa ghali mno, wakati askari bado wanashangilia, ni jambo ambalo nimeona makamanda wachache sana wakiliweza, hata kwenye luteka.

Kwa hiyo anza na Jassini. Ukifika pale ngome inaposalimu amri, funga kitabu. Chukua kalamu, andika una risasi ngapi, maafisa wangapi, na nani atakuletea wengine, halafu andika amri yako ya kesho. Ukishamaliza mpe sajini wako aisome, kisha mwulize ameelewa aende wapi.