Kwenda kulinda amani? Beba soksi

Mpwa wangu kapangiwa kwenda Jamhuri ya Afrika ya Kati kulinda amani, juzi kanikuta kibandani kwangu Kiboriloni nauza mitumba akaniuliza, "Anko, nibebe nini?" Nikamwambia soksi. Akacheka. Na mimi nilicheka 2013 sajenti wetu aliponiambia hivyohivyo, nikabeba pea tatu kwa ujuaji wangu.

Tulikua kwenye ile brigedi ya UN, sisi Watanzania, Afrika Kusini na Malawi, tukaenda Kongo kupambana na waasi wa M23 walioiteka Goma Novemba 2012. Mapigano watu wameyasikia, kambi ndo hawaijui. Goma imekaa juu ya mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo, usiku juu kule mlima unawaka mwekundu, mi mtu wa Kilimanjaro nimezoea mlima wa barafu bwana! Kuchimba handaki ukipiga sururu zinaruka cheche, na yale mawe yanatafuna soli ya buti balaa, halafu mvua, buti halikauki na kulivua unaogopa maana filimbi ikilia uko mbio. Nililala na buti siku nne. Ya tano navua soksi, ngozi ya kisigino ikaja nayo. Wiki nzima nikawa wa kandambili, wenzangu wanaenda doria mi namenya viazi jikoni.

Kwa hiyo pea kumi, dogo. Zikilowa zikamue, uzilalie tumboni chini ya fulana, asubuhi utazikuta na nafuu. Ukizikausha kwa moto zinakakamaa zinakukwangua.

Neti usiache kufunga, basi.

Simu sasa. Goma iko nyuma yetu saa moja, nilikua nampigia maza nikitoka zamu saa nne usiku, kumbe nyumbani Kibosho saa tano, watu wamelala, na simu ya usiku kwa mama mwenye mtoto vitani unajua inavyopokelewa. Hasemi haloo, anasema "Kafa nani?" Miezi miwili ndo nikashtuka, nikahamia jioni, tukawa tunaongelea migomba na ng'ombe wake. Huko anakoenda mpwa ni saa mbili nyuma, nimemwandikia kabisa kwenye karatasi aibandike kwenye begi.

Pea kumi kachagua palepale kibandani. Hela kasema akirudi, nimemuweka kwenye daftari la madeni.