Bwana shamba anajibu: miche mirefu na usiku wa joto

Shikamoo bwana shamba. Miche yangu ya tumbaku kitaluni imerefuka, miembamba, inalala. Maji na mbolea vipo. Kosa ni kivuli cha nyasi au joto hili la Oktoba? (Urambo)

Marahaba. Vyote viwili, na kinachovipima ni kitu kimoja: protini iitwayo fitokromu. Mwanga mwekundu wa jua huiwasha, na ikiwaka huzuia shina lisivutike. Giza likiingia huzimika yenyewe polepole. Utamu uko hapo: usiku wa baridi hukawia kuzimika, usiku wa joto huzimika upesi, shina likaachiwa kukimbia. Mwaka 2016 makundi mawili ya watafiti, moja la Uingereza na jingine la Argentina, yalionyesha hivyo kwa fitokromu B ya arabidopsi, kimmea cha jamii ya haradali. Oktoba ya Urambo huwezi kuipoza, lakini nyasi za kitalu unaweza kuzipunguza kidogo kidogo, miche izoee jua.

Maharage ya dada yangu Kigoma mjini yamenipita urefu, na mbegu tumegawana. Ni joto la huko chini? (Kasulu)

Huenda. Ila kwanza muulize kapanda kwa nafasi gani. Majani hunyonya mwanga mwekundu na kupitisha ule wa pembezoni ambao macho yetu hayauoni vizuri, nao huizima fitokromu ya jirani. Maharage yaliyosongamana hugombea urefu hata kwenye baridi. Tusiisingizie protini kila kitu.

Mbegu za saladi nimezifukia vizuri, hazijaota hata moja. Nimeuziwa mbovu? (Ujiji)

Usimgombeze muuzaji bado, mama. Aina nyingi za saladi huhitaji mwanga ili ziote. Huko Beltsville, Marekani, mwaka 1952 watafiti walizimulikia mbegu za saladi mwanga mwekundu, kisha ule wa pembezoni, kwa zamu. Mwanga wa mwisho ndio ulioamua kama zitaota. Na udongo ukipita nyuzi 30 hivi, nyingi hugoma hata zikiwa na mwanga. Mwaga jioni, juu juu, funika kwa udongo kiduchu, weka kivuli chepesi mchana.

Nikiwasha taa kitaluni usiku, miche itaacha kurefuka? (Sikonge)

Kinadharia inawezekana. Kwa bei ya umeme, punguza nyasi.