Muulize Fundi: Rivasi inagoma nikitoka namba 5

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina Corolla ya manyuo, gia 5, rivasi iko chini ya 5. Juzi gari imezimwa nikawa naichezea tu liva, nikaweka 5 halafu nikavuta moja kwa moja kwenda rivasi, inagonga inakataa kabisa, ila nikianzia frii inaingia freshi. Fundi wa mtaani anasema kuna kidude kimekwama ndani tukitoe. Nikubali? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usikubali ndugu yangu, gari yako nzima kabisa na hicho kidude ndio kinafanya kazi yake.

Cheki mchoro kwenye kirungu. 5 juu kulia, rivasi chini yake hapohapo, 4 iko chini katikati. Sasa uko barabara ya Dodoma unatembea 90, mbele kuna mlima unataka kurudi 4, mkono umevuta chini lakini haukurudi katikati, bila kizuizi hapo unaisukumia rivasi gari ikiwa kwenye mwendo. Gia za mbele zina sinkronaiza ya kusawazisha spidi kabla meno hayajashikana, rivasi kwenye gia boksi nyingi za aina hiyo haina, meno yake yamenyooka na kuna kigia cha katikati kinateleza kuja kushika gia mbili za rivasi ili mzunguko ugeuke. Kikigusa gia inayozunguka kwa kasi ni grrrr, meno yanakatika, vipande vinaingia kwenye oili vinasaga na yale yaliyokuwa mazima.

Kidude chenyewe ni kikamu kidogo, yaani kipande cha chuma kinachogeuka, chenye springi. Ukiingiza 5 kinageuka kinaziba njia ya chini. Ukirudisha frii ukaachia liva, inajirudi yenyewe kwenye mstari wa 3 na 4, kikamu nacho kinarudi mahali pake, njia ya rivasi inafunguka. Basi. Anayetaka kukitoa hataki kujisumbua kukuelezea, au hakijui.

Ikianza kugoma hata ukitokea frii, hapo ndio uanze kukagua kebo za gia na bushi zake. Ikiwa inaingia ila inakwaruza, mara nyingi klachi haiachii vizuri, kanyaga mpaka chini, ingiza 1 kwanza gari ikiwa imesimama ili shafti itulie, halafu rivasi.

SWALI: Mimi nina Opel, rivasi lazima uinue pete chini ya kirungu. Nimebadilisha kirungu nikaweka cha urembo, sasa rivasi haiingii kabisa. Gia boksi imekufa?

JIBU: Haijakufa dada, gia boksi haijaguswa hata. Ile pete ndio kufuli yenyewe, ukiinua inavuta kizuizi huku chini kwenye liva. Wenzenu wa Volkswagen wanabonyeza liva chini badala ya kuinua, na kwenye Corvette zenye gia boksi ya Tremec T-56 kufuli ya rivasi hufunguliwa na solenoidi (sumaku ya umeme) gari ikikaribia kusimama. Kwako aliyefunga kirungu kipya ama ameibana pete ama ameacha kuiunganisha. Rudisha kirungu cha zamani ujaribu, pete ikipanda lakini rivasi bado inakataa, mwambie fundi afungue ile ngozi ya liva aangalie kiungo cha pete kama kimechomoka, hakuna haja ya kushusha gia boksi.